Mwenye Ploti Yuko Redmond

Mathe wa saiba alinipigia simu saa mbili usiku. Mteja mmoja, kijana wa chuo aliyekuja kuprinti CV, alikuwa amemwambia kwamba Windows 10 inakufa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zake zote sita ni Windows 10.

"Zitazima?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, hazizimi. Zitawaka kama kawaida. Ila kuanzia siku hiyo Microsoft haitazitumia tena viraka vya usalama vya bure, na kila tundu litakalogunduliwa kwenye mfumo ule litabaki wazi.

"Na nikitaka viraka?"

"Uhamie Windows 11."

"Basi nihamishe. Ni pesa ngapi?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kuhama kwenyewe ni bure. Lakini Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, na inataka kachipu ka usalama kanakoitwa TPM toleo la 2.0. Mashine za Mathe ni ex-UK za kizazi cha nne, alizonunua mjini mojamoja kwa jasho la miaka. Nilipouliza bei ya mtumba unaokubalika na Windows 11 nilitajiwa shilingi 22,000. Zidisha mara sita. Mathe alizidisha kichwani kabla sijafungua kikokotoo, akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa na hao wataalamu wanaovaa kadi shingoni kule Westlands:

"Kwa hivyo hii ni notisi?"

Ndiyo, Mathe. Ni notisi.

Sisi wa Kibera tunazijua notisi. Saiba ya Mathe iko kijiji cha Raila, na ukitaka kuelewa kompyuta yako ni ya nani, anza kwa kuuliza kile chumba chake cha mabati ni cha nani. Ardhi, serikali inasema ni yake. Mabati na miti ni ya mwenye nyumba, ambaye hana hatimiliki. Mpangaji ana godoro, sufuria na risiti ya mwezi uliopita. Wanubi, ambao babu zao waliletwa hapa kama askari wa King's African Rifles, walingoja zaidi ya karne nzima mpaka mwaka 2017 ndipo wakapewa hati ya ekari 288. Na Julai 2018, tingatinga zilipita kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, watu wapatao 30,000 wakabaki nje. Kabla ya tingatinga kulikuwa na rangi: alama ya X, nyekundu, ukutani kwako. Uliamka ukaikuta. Hakuna aliyekuuliza kama umelipa kodi.

Kwa hivyo tusidanganyane na lugha ya "mwisho wa huduma." Mashine inawaka, ina nguvu ya kutosha kufungua iTax na kuprinti CV, na mwenyewe anaitaka. Aliyeamua kwamba imezeeka hajawahi kuigusa. Hiyo ni X nyekundu, tofauti ni kwamba imepakwa kwa upole.

Mfumo endeshi ni nini? Ukiwasha kompyuta, kuna programu moja inayoamka kabla ya nyingine zote na kulala ya mwisho. Yeye ndiye anayeamua nani apate prosesa na kwa muda gani, nani aandike kwenye diski, nani aguse printa, nani atoke nje kwenda intaneti. Programu nyingine zote zikitaka kitu zinapitia kwake. Kwa ufupi, ni keateka wa ploti. Anashika funguo zote, anajua nani amerudi saa ngapi, na swichi ya stima iko kwake. Kila keateka ana bosi. Swali la kisiasa kuhusu mfumo endeshi si kama unapendeza. Swali ni: huyu keateka anapokea simu ya nani?

Leseni ya Windows haifichi. Inasema wazi kwamba programu ile haiuzwi, unapewa ruhusa ya kuitumia tu. Ulinunua chuma, lakini anayekaa ndani ya chuma ni mtu wa mwenye ploti, na mwenye ploti yuko Redmond, jimbo la Washington, Marekani. Kwa watu binafsi kampuni imeongeza mwaka mmoja wa viraka, mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwenye seva zao. Angalia hapo vizuri. Unaweza kulipa kwa pesa, au unaweza kulipa kwa kuhamisha vitu vyako nyumbani kwa mwenye ploti. Mpangaji yeyote wa Raila anaelewa maana ya kuambiwa "lete vitu vyako nikuwekee."

Najua mnachosema huko nyuma. "Buda, sisi hatujawahi kulipa hiyo leseni." Kweli. Windows ya mtaa inaingizwa na fundi kutoka kwenye fleshi, inafunguliwa kwa kifunguo ambacho hakuna anayeuliza kimetoka wapi, na tunajiona tumemweza mzungu. Hapa ndipo ninapotaka kugombana na nyinyi, watu wangu.

Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kunakili programu yake bila kulipa. Aliwaita wezi. Miaka 22 baadaye, mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi kuhusu Uchina, maneno yalikuwa yamebadilika: kama ni lazima waibe, alisema, ni heri waibe zetu, kwa sababu watazoea, na njia ya kukusanya pesa itapatikana baadaye. Huyo ni mtu aliyeelewa biashara ya kupangisha kuliko sisi tunavyoelewa wizi. Mpangaji asiyelipa ambaye anamwambia kila mgeni kwamba hakuna ploti nyingine mjini si mwasi. Ni ajenti wa bure.

Na tumekuwa maajenti wazuri. Mtoto akimaliza Form Four, mzazi anatafuta pesa za kumpeleka "kufanya pakeji." Pakeji ni nini? Ni Word, Excel, Access, PowerPoint, cheti kinalaminishwa, basi. Hatukumfundisha kompyuta. Tumemfundisha bidhaa za kampuni moja, kwa pesa za mama yake, kisha tunashangaa akikaa mbele ya mashine yenye menyu tofauti anasema haijui kompyuta. Ni kama kufundisha mtu udereva halafu anajua Probox peke yake.

Halafu kuna hadithi. Kila kijana wa mtaa ameketi kwenye semina ya bure yenye soda ya bure, akaambiwa: Bill Gates aliacha chuo! Sawa. Chuo alichoacha ni Harvard. Shule aliyosoma, Lakeside, Seattle, ilikuwa na terminali ya kompyuta mwaka 1968, wakati vyuo vikuu vingi duniani havikuwa nayo. Mama yake, Mary Gates, alikuwa kwenye bodi moja ya shirika la hisani na John Opel, mkubwa wa IBM. Sisi Kenya tuna neno la hiyo kitu: godfather. Na mwaka 1980 IBM walipotaka mfumo endeshi wa kompyuta yao mpya, Microsoft hawakuwa nao. Walikwenda kwa kampuni ndogo ya Seattle ambako Tim Paterson alikuwa ameandika mmoja, wakaununua kwa jumla isiyofika dola 100,000, wakawakodishia IBM, na wakabaki na haki ya kuwakodishia wengine wote. Ule mfumo ukawa MS-DOS. Hiyo pia tuna neno lake. Anaitwa broka. Anasimama katikati ya aliyetengeneza na anayehitaji, na wote wawili wanamlipa.

Simchukii broka. Ngong Road yote ina mabroka wa magari na hakuna anayewarushia mawe. Nachukia kufundishwa kumwabudu. Ukiambiwa alifaulu kwa sababu alikuwa na njozi, na wewe umefeli kwa sababu hukuota vya kutosha, umeibiwa mara mbili.

Upande wa pili wa barabara kuna kanisa jingine, na huko mimi ni mzee wa kanisa.

Hadithi yao nzuri zaidi inaanza na printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, kulikuwa na printa ya leza iliyotolewa na Xerox, na karatasi zilikuwa zikikwama. Richard Stallman, mmoja wa waandishi wa programu pale, alikuwa ameirekebisha printa ya zamani imwambie kila mtu ikikwama. Alitaka kufanya vivyo hivyo na hii. Akanyimwa msimbo wake. Alipompata mtu mwenye nakala, yule mtu akakataa kumpa kwa sababu alikuwa ametia sahihi mkataba wa kunyamaza. Hasira ile haikuisha. Mwaka 1983 akatangaza kwamba ataandika mfumo mzima ambao kila mtu ataweza kuusoma, kuubadilisha na kumpa jirani. Kiswahili sanifu kinasema msimbo, lakini mtaani tunasema kodi, na kwa mara moja Sheng imesema ukweli kuliko kamusi: anayeificha kodi ndiye utakayemlipa kodi.

Agosti 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi, akasema ni kitu cha kujifurahisha tu, hakitakuwa kikubwa. Hapa kwetu huo ndio mwaka kipengele cha 2A cha katiba kilifutwa, na chama kimoja kikakoma kuwa sheria. Kiini cha Torvalds kiliunganishwa na vipande vya Stallman, na dunia ikapata kitu kinachoitwa Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyetajirika kwa kuuza kampuni yake ya usalama wa intaneti na akaenda angani kwa pesa zake mwenyewe, akaiweka Linux kwenye CD, akawa anaituma kwa posta bure kwa yeyote atakayeomba. Akaiita Ubuntu. Kwetu hilo neno halihitaji kufasiriwa. Ni utu, umetamkwa tu upande wa kusini.

Hawa nao si watakatifu. Torvalds aliwatukana wenzake kwa barua pepe miaka na miaka mpaka 2018 akaomba msamaha na kupumzika kidogo. Stallman alijiuzulu MIT na uongozi wa shirika lake mwenyewe mwaka 2019, baada ya maneno aliyoyaandika kuhusu kashfa ya Epstein. Nayasema haya kwa sababu kanisa letu lina tabia ya kuficha dhambi za maaskofu.

Kwa hivyo nilikwenda kwa Mathe na fleshi, na injili. Nikamwekea Linux Mint kwenye mashine mbili. Ni nyepesi, inatosha kwenye RAM gigi 4, haina haja ya TPM, na haimuulizi mtu akaunti. Nilimaliza saa sita usiku nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi Mathe akapiga tena. Printa imekataa. Ilinichukua siku tatu kuifanya izungumze na mashine zile mbili, na siku hizo tatu watu walibeba karatasi zao wakaenda saiba jirani. Dada mmoja alikuja na CV yake ya Word kwenye fleshi. Ilipofunguka kwenye LibreOffice jedwali lilikuwa limehamia ukurasa wa pili na picha yake imelalia anwani. Alikuwa na intavyu saa nne. Nilianza kumweleza kuhusu miundo ya wazi ya faili. Akaniangalia vile unaangalia mhubiri wa mathree asubuhi, akachukua fleshi yake akaenda. Alikuwa sahihi. Uhuru ambao unamchelewesha mtu kazi si uhuru wake, ni hobi yako.

Mathe hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wewe ulinipea keateka mzuri, lakini ukasahau kumwonyesha geti iko wapi."

Hiyo ndiyo dhambi ya kanisa letu. Tunagawa CD na fleshi, tunapiga picha na watoto, tunarudi Kilimani. Nimeona ofisi na vyumba vya mashirika hapa Kibera na Kawangware vyenye kompyuta za msaada zilizowekewa mfumo huru, na mwaka mmoja baadaye zimefunikwa kitambaa, kwa sababu aliyejua nywila alimaliza mkataba. Mfumo ulikuwa huru. Hakukuwa na mtu wa kuutunza. Kodi iliyo wazi bila fundi wa mtaa ni kisima kisicho na kamba.

Na kuna jambo zito kuliko printa. Shuttleworth alipoanza Ubuntu, hitilafu namba moja kwenye orodha yao ilikuwa kwamba Microsoft inatawala soko. Mwaka 2013 aliifunga. Alisema simu na tableti zimebadilisha mambo. Ni kweli. Simu nyingi mtaani kwetu ni Android, na ndani ya kila Android kuna kiini cha Linux, kilekile cha Torvalds. Tulishinda, basi. Raila yote inatembea na Linux mfukoni.

Mwulize jirani yangu wa boda. Simu yake ni ya kulipa mdogo mdogo, kiasi fulani kila siku mpaka deni liishe. Wiki moja mvua ilinyesha, tairi likapasuka, akaruka siku mbili. Asubuhi ya tatu simu ilikuwa imejifunga, skrini imebaki na maelezo ya namna ya kulipa. Kazi yake inapitia ile simu. Ili alipe ilibidi afanye kazi, na ili afanye kazi ilibidi simu ifunguke. Alikopa kwa mama mboga.

Nilimweleza, kwa ujinga wangu, kwamba kiini cha ile simu ni programu huru, kwamba kisheria ana haki ya kusoma kodi yake yote. Alicheka mpaka akashika usukani. "Manze, sasa nikisoma itafunguka?"

Haitafunguka. Na sababu yake ni ugomvi wa watu wawili uliotokea karibu miaka 20 iliyopita, ambao hakuna aliyetutafsiria. Kulikuwa na kisanduku kimoja Marekani, TiVo, cha kurekodi vipindi vya televisheni. Ndani kilikuwa na Linux. Watengenezaji walitoa kodi kama leseni ilivyotaka, lakini ukiibadilisha ukairudisha ndani, kisanduku kilikataa kuifanyia kazi. Unasoma, huguzi. Stallman akasema huo ni ulaghai, na Juni 2007 akatoa toleo la tatu la leseni yake ya GPL: ukimuuzia mtu wa kawaida kifaa chenye programu hii, mpe pia njia ya kuweka toleo alilolibadilisha yeye mwenyewe. Torvalds akakataa. Alichotaka yeye ni maboresho ya kodi yarudi kwa wote. Chuma ni cha aliyekitengeneza, afanye anavyotaka. Kiini cha Linux kikabaki kwenye toleo la pili mpaka leo. Mwaka uliofuata simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni.

Wakati ule ilionekana kama ugomvi wa wazee wawili juu ya koma na nukta. Leo unaweza kuuona ukiwa umesimama stage na boda ambaye hawezi kupokea mteja. Sisemi Torvalds alimfungia jirani yangu simu. Inawezekana angekubali, Google wangetafuta kiini kingine. Lakini kwenye hili niko na Stallman, pamoja na kasoro zake zote: haki ya kusoma mkataba wa nyumba si kitu kama huna haki ya kubadilisha kufuli. Na mtu wa boda analielewa hilo haraka kuliko mhandisi, kwa sababu yeye ndiye aliyeachwa nje.

Wenye kampuni watasema: bila kufuli, nani angemkopesha simu? Swali la haki, na lina jibu. Deni ni deni, lidaiwe kama deni. Fundi wa pikipiki akikudai hafungi miguu yako. Na kama ni lazima kufuli iwepo, basi sheria iseme ifunge nini na isifunge nini: isifunge kupiga simu, isifunge pesa zako mwenyewe, na siku deni linapoisha funguo zote zikabidhiwe mwenye simu, kufuli itolewe kabisa, si kufichwa. Tuna wabunge wanaotunga sheria ya kila kitu. Hii hawajaiona kwa sababu simu zao walinunua kwa pesa taslimu.

Mtaniambia haya ni mambo ya wazungu, sisi tutafanya nini. Hapo ndipo mnapokosea historia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, ukiungwa mkono na Waswidi, wa kuleta programu huru kwa Kiswahili. Desemba mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nao walitangaza mwaka huohuo kwamba watatafsiri zao. Sasa nenda kwenye mashine ya Mathe uchague Kiswahili kwenye orodha ya lugha za Linux. Nilifanya hivyo mbele ya mwanawe wa darasa la sita. Nusu ya menyu ikaja Kiswahili, nusu ikabaki Kiingereza. Kijana akasema, "Imechoka katikati." Ilichoka kweli. Sisi mamilioni tunaoweza kutafsiri maneno matano kila jioni tuko kwenye simu tukibishana iPhone ni bora au Samsung.

Na msiniambie mtaa hauwezi. Mpaka mwaka 2009 Kibera ilikuwa nafasi tupu kwenye ramani za mtandaoni. Maelfu kwa maelfu ya watu, shule, vyoo, makanisa, misikiti, na kwenye skrini hakuna kitu. Mwaka huo vijana 13 wa vijiji vya hapa, kwa mradi wa Map Kibera ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, walitembea na vifaa vya GPS wakaandika kila uchochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila kuomba ruhusa. Mwaka mmoja kabla yake, kina Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walikuwa wameunda Ushahidi kwa siku chache, nchi ikiungua, ili watu waripoti vurugu kwa simu. Kodi yake iliachwa wazi na ikatumika mbali na hapa. Hakuna aliyengoja Redmond. Hakuna aliyengoja Helsinki.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai. Vyuo vya pakeji viache kufundisha nembo, vifundishe kazi: barua, hesabu, faili, usalama. Ofisi za serikali ziache kututumia fomu zinazofunguka vizuri kwenye programu ya kampuni moja tu. Nyinyi mafundi wa Luthuli Avenue na wa Kawangware, mnaoweka Windows ya fleshi kwa mia tano, mjifunze kuweka Mint kwa mia tano ileile, na printa muionyeshe geti. Na sisi wa kanisa la Linux tuache kuhubiri kwa mtu mwenye intavyu saa nne.

Mathe aliamua mwenyewe. Mashine nne ni Mint. Mbili zimebaki Windows, kwa CV za watu wenye haraka, na hizo mbili haingizi nywila yake ya M-Pesa wala ya benki. Siku za mwisho za Juni, watu wakikimbizana na tarehe 30 ya KRA, foleni ilifika nje mpaka kwa muuza makaa. Nilisimama mlangoni nikihesabu. Hakuna aliyeuliza mashine ni ya mfumo gani. Waliuliza nil return ni pesa ngapi.

Nilimwonyesha Mathe vile ya kuondoa mfumo na kuweka mwingine, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Ilimchukua dakika 40 mara ya kwanza. Sasa akisikia mtu analalamika kwamba laptopu yake imeambiwa imezeeka, anamwambia aje na fleshi ya gigi 8, na aje jioni, foleni ikiisha.

Fleshi iwe tupu. Yeye hanakilishi picha zako za harusi.